Safari na Whiteia: kutoka makaa ya Kiwira hadi mdomo wa Ruhuhu

Jumatatu, Mbeya hadi Kyela

Baridi ya Juni imetusindikiza kutoka stendi ya Nane Nane mpaka Tukuyu. Baada ya hapo barabara inashuka, migomba inazidi, na abiria wanavua makoti mmoja baada ya mwingine. Nimefuatana na mtoto wa kaka yangu, yuko kidato cha tatu na ana jicho zuri la mawe. Mkobani, ndani ya kanga mbili, nimebeba nakala ya plasta ya samaki aitwaye Whiteia.

Nimtambulishe mapema, maana safari hii yote ni kwa ajili yake. Whiteia ni jenasi ya samaki wa baharini wa ukoo wa silikanti, samaki wa kale wenye mapezi ya shina la nyama. Walitoweka zamani sana, na leo wanajulikana kwa visukuku tu, yaani mabaki yaliyohifadhiwa ndani ya mawe. Waliishi hasa mwanzoni mwa kipindi cha Triasi, takriban miaka milioni 250 iliyopita. Vielelezo vyake maarufu vimetoka kaskazini mwa Madagaska, ndani ya mawe ya mviringo yanayopasuliwa kwa nyundo. Mwaka 1935 Mwingereza James Alan Moy-Thomas aliwaeleza kitaalamu na kuwapa jina kwa heshima ya Errol White, mtaalamu wa samaki wa kale wa makumbusho ya London. Visukuku vya jenasi hiyo vimepatikana pia Greenland, Kanada na Timor, kwa hiyo alikuwa samaki aliyetawanyika sana.

Mimi ni mwalimu wa biolojia. Nakala hii nilipewa na rafiki aliyesomea jiolojia, na kila ninapoionyesha darasani swali la kwanza ni lile lile: kwa hiyo bahari iliwahi kufika Mbeya? Kwa enzi ile, hapana. Bahari ya Whiteia iliishia mbali, upande wa mashariki. Ila nchi kavu ya wakati huo ndiyo hii tunayoikanyaga, na miamba yake inaonekana kwa macho kuanzia Kiwira hadi bonde la Ruhuhu. Nataka kijana aione kwa mpangilio wake, kwanza miamba ya kabla ya Whiteia, kisha ile iliyokuja baada yake.

Leo hatujaiona bado. Kuanzia Uyole hadi Tukuyu unapita juu ya kazi ya volkano za Rungwe, majivu na lava. Zimewapa watu chai na ndizi, lakini ni miamba ya juzi tu.

Jumanne, vilima vya makaa

Mwenyeji wetu wa Kyela aliwahi kufanya kazi kwenye makaa ya mawe. Ametupakia kwenye bodaboda mbili hadi upande wa vilima vya Kiwira na Songwe, mahali ambapo tabaka za makaa zinajitokeza kando ya korongo. Mgodini hatukuingia, wala hatukuwa na haja.

Makaa haya ni ya kipindi cha Permi, kabla ya Triasi. Ukiangalia ukuta wa korongo unaona mistari: mchanga uliogeuka jiwe, juu yake tope jeusi, juu yake makaa yenyewe yanayong'aa kidogo yakipigwa na jua, kisha mchanga tena. Kila mstari mweusi ulikuwa kinamasi. Mimea ilianguka majini, haikuoza yote, ikafunikwa, ikakandamizwa kwa uzito wa mchanga uliokuja juu.

Kijana ndiye aliyelipata jani. Alikuwa anabandua vipande vya jiwe la tope kwa ukucha, vinaachana kama kurasa, na kimoja kikafunguka na jani kamili ndani: refu, limechongoka kidogo nchani, na mshipa mnene katikati. Kutoka kwenye mshipa ule vishipa vyembamba vinapanda kwa mshazari, vinakutana na kuachana mpaka vinafanya wavu. Tulilitazama kwa lenzi ya mkononi, tukimwagia maji kidogo ili wavu uonekane. Ni Glossopteris, mti uliotawala vinamasi vya Gondwana, bara kubwa la kale la kusini. Majani yake yamepatikana Afrika Kusini, India, Australia, Amerika ya Kusini, hata Antaktika. Kundi la mpelelezi Mwingereza Robert Scott lilipofia kwenye barafu ya Antaktika mwaka 1912, mizigo yao ilikuwa na mawe yenye majani haya haya. Walikuwa wanakufa kwa njaa na baridi, na hawakuyatupa. Nalifikiria jambo hilo kwa heshima kubwa.

"Shangazi, kwa hiyo mti mmoja uliota hapa Kyela na Antaktika?"

Nikamchorea kwa kijiti chini. Mabara yote ya kusini yameshikana. India hapa, Antaktika hapa. Madagaska imebanana na pwani yetu ya Afrika Mashariki, juu zaidi ya ilipo leo. Ilianza kuachana nasi na kuteremka kusini katika kipindi cha Jura, zaidi ya miaka milioni 150 iliyopita. Na huku kaskazini, bahari inaingiza ghuba yake kwenye ukingo wa Madagaska. Humo ndimo Whiteia aliogelea, baada ya vinamasi hivi vya makaa kwisha.

Jani tumelipiga picha pamoja na rula, na tumelirudisha pale pale.

Jumatano, Matema

Matema nimefika mara nyingi, lakini leo nilikuja na shughuli. Nilitaka wavuvi wamwone samaki wangu. Wataalamu wa samaki wapo vyuoni, ila mtu aliyepasua samaki kila siku tangu utotoni ana macho yake.

Tuliwakuta chini ya mwembe wanapanga nyavu. Dagaa za usipa zilikuwa zimeanikwa mchangani, na mbasa wawili wakubwa walikuwa ndani ya beseni wakisubiri mnunuzi. Nilisalimia, nikajieleza, nikafungua kanga. Mzee mmoja, wenzake wanamwita Babu, aliipokea nakala kwa mikono miwili na kuigeuza kwenye mwanga.

Jambo la kwanza aliloligusa ni mkia. Alipitisha kidole gumba juu, akarudi chini, halafu akasimama katikati. Mkia wa Whiteia una sehemu tatu: pezi pana juu, pezi pana chini, na katikati kitawi kidogo kinachochomoza nyuma kama ncha ya brashi.

"Huyu ana mkia juu ya mkia," akasema. Kisha akatafuta kitu kingine, na uso wake ukakunjamana. "Mwalimu, mgongo wake uko wapi?"

Nilimwomba anifafanulie.

"Samaki akiliwa na jua, nyama ikaisha, kinachobaki ni mgongo. Huo ndio mgumu. Huyu nauona mwiba wa juu, nauona mwiba wa chini, katikati ni peupe. Nani kautoa?"

Sijawahi kupata swali zuri kama lile darasani. Kweli, kwenye nakala kuna mstari mtupu unaotoka kichwani hadi mkiani, na juu na chini yake miiba imepangwa kama meno ya chanuo. Hakuna aliyeutoa. Silikanti hana pingili kamili za mfupa kama za mbasa. Ana notokodi, mrija mnene na laini wenye majimaji ndani, unaoshika nafasi ya uti wa mgongo maisha yake yote. Samaki akifa, mrija unaoza, na jiwe linahifadhi nafasi yake tupu. Na mfano upo hai, kwa sababu silikanti wa leo, Latimeria, ana mrija huo huo.

Wakataka kujua anaishi wapi. Nikawaambia habari ninayoipenda kuliko zote. Moy-Thomas alipoandika kuhusu Whiteia mwaka 1935, wataalamu waliamini ukoo mzima umekwisha pamoja na dinosaria. Desemba 1938, huko East London, Afrika Kusini, meli ya uvuvi ilileta samaki wa ajabu, na Marjorie Courtenay-Latimer wa makumbusho ya mji ule akakataa kumwacha atupwe. Profesa J. L. B. Smith alimtambua kwa kulinganisha mchoro wake na visukuku, na mwaka 1939 akamwita Latimeria. Yaani mawe yalianza, samaki hai akafuata. Na si mbali na kwetu: tangu 2003 silikanti wamekuwa wakinaswa Tanzania, Kilwa na hasa Tanga, kwenye majarife yanayotegwa kwenye kina kirefu kwa ajili ya papa. Hifadhi ya Bahari ya Silikanti Tanga ilianzishwa 2009.

"Wanamla?" akauliza kijana mmoja mvuvi.

Nikamwambia nyama yake ina mafuta mengi na haina thamani jikoni. Akasikitika kabisa, akasema basi ni hasara ya wavu bure. Nadhani wavuvi wa Kigombe, kijiji cha pwani ya Tanga, wamewahi kusema hivyo hivyo.

Babu alikuwa bado ameshika plasta. Sasa alikuwa anatazama mapezi, jinsi yalivyokaa mbali kidogo na mwili, kana kwamba yamekatwa shinani. Nafasi ile ilikuwa ya nyama: silikanti ana mapezi yenye shina nene kama mkono mfupi, na shina hilo mara nyingi halibaki kwenye jiwe. Akapima upana wa mkia kwa vidole, akatazama mdomo.

"Huyu si wa kukimbia masafa. Huyu anakaa, anangoja, halafu anaruka mara moja."

Mwaka 1987 Mjerumani Hans Fricke alishuka kwa chombo cha kuzamia kule Komoro, akawapiga picha za kwanza silikanti wakiwa kwao. Mchana wanajificha mapangoni, usiku wanaelea polepole karibu na mwamba, na mkia ule mpana wanautumia kwa mruko wa ghafla. Nilipomweleza, Babu alitikisa kichwa tu kukubali, kisha akauliza Whiteia alikuwa mkubwa kiasi gani. Mdogo sana kuliko Latimeria, nikamjibu. Huyu wa leo anaweza kukaribia mita 2.

Tukala wali wa Kyela na mbasa wa kukaanga. Mgongo wa yule mbasa kijana ameuosha na kuuhifadhi, anataka kuulinganisha na plasta.

Alhamisi, melini

Meli ilichelewa na hatukuwa na neno. Ukiwa Ziwa Nyasa unajifunza kusubiri.

Upande wa mashariki Milima ya Livingstone inasimama wima kutoka majini. Mahali pengi hakuna barabara ya pwani kabisa, vijiji vimejishikiza kwenye vipande vidogo vya mchanga, na mitumbwi inakuja hadi ubavuni mwa meli kupokea magunia na abiria. Kijana aliuliza kama milimani kule kuna visukuku. Hakuna. Ile ni miamba ya kale mno, ya kabla ya wanyama, na joto la ardhini limeikanda upya.

Ziwa lenyewe ndilo lililonipa somo la leo. Lina kina cha mita 700 hivi, lakini chini ya mita 250 hivi hakuna oksijeni. Maji ya juu na ya chini hayachanganyiki vya kutosha. Kwa hiyo usipa wote, mbasa wote, maisha yote ya samaki yako kwenye tabaka la juu. Mzoga ukizama hadi chini kabisa haumkuti samaki wa kuula wala kaa wa kuukwangua.

Tope la namna hiyo, lisilo na hewa, ndilo lililomhifadhi Whiteia. Alikufa, akazama kwenye tope laini la ghuba yake, na kabla hajatawanyika madini yaliyokuwa majini yakaanza kuganda kumzunguka. Tope lililobaki likawa jiwe laini, ila pale alipolala pakawa gumu. Baada ya mamilioni ya miaka mvua inalimomonyoa lile laini, na mawe magumu yanabaki yametapakaa juu ya ardhi, umbo lake likifuata umbo la kilichomo. Ukigonga pembeni linapasuka katikati, kwa sababu samaki ndiye udhaifu wake. Unapata nusu mbili, kila moja na upande wake wa samaki. Katika mawe hayo hayo ya Madagaska alipatikana Triadobatrachus, kiumbe wa karibu sana na babu wa vyura wote. Chura haishi baharini, kwa hiyo nchi kavu na mito ilikuwa karibu.

Jioni, upepo ulipotulia, nilimweleza kijana sehemu ngumu. Kati ya makaa ya juzi na Whiteia, miaka milioni 252 iliyopita, kulitokea vifo vikubwa kuliko vyote vinavyojulikana duniani. Volkano za Siberia zilimwaga lava na gesi kwa muda mrefu, dunia ikapata joto, bahari ikapoteza oksijeni. Zaidi ya asilimia 80 ya spishi za baharini zilikwisha. Glossopteris nayo ikaenda. Whiteia aliishi mara baada ya hapo, katika bahari iliyokuwa imefiwa, na silikanti wa enzi yake walikuwa na aina nyingi kuliko leo.

"Waliponaje?" akauliza.

Huenda kuishi polepole, kula kidogo na kuvumilia maji duni kuliwasaidia. Huo ni mwelekeo wa mawazo yangu, nikamwambia, na asiuandike kwenye mtihani.

Ijumaa, Manda

Hapa milima inaachia. Mto Ruhuhu unaingia ziwani, nchi inakuwa pana na ya chini, na udongo unageuka mwekundu. Tulipiga hodi kwa mwenyekiti wa kijiji, tukaeleza kwamba tunataka kutazama tu, akatupa mtu wa kutuongoza.

Bonde hili wataalamu wa dunia nzima wanalijua. Mwanajiolojia G. M. Stockley alilichunguza kwa ajili ya makaa mwanzoni mwa miaka ya 1930 na kuripoti mifupa. Mwaka 1933 Francis Rex Parrington wa Cambridge alikuja kukusanya. Miongoni mwa alivyobeba kulikuwa na mifupa iliyokaa miaka mingi bila jina rasmi: mfupa wa mkono na pingili za mgongo ambazo mwaka 2013 zilitangazwa kuwa Nyasasaurus, mnyama wa miaka milioni 240 na ushee ambaye huenda ni dinosaria wa kwanza anayejulikana, au jamaa yao wa karibu kabisa. Teleocrater naye, jamaa wa mbali wa dinosaria aliyetangazwa 2017, alianzia kwenye mifupa ya safari hiyo hiyo. Na jamaa mwingine wa dinosaria, aliyetangazwa 2010 kwa jina la Asilisaurus kongwe, anatoka tabaka hizi hizi, zinazoitwa Tabaka za Manda.

Tulitembea mpaka jua likawa kali. Miamba ni tope jekundu na la zambarau, katikati yake mchanga wa mito. Hakuna gamba la kombe, hakuna chumvi, hakuna dalili yoyote ya bahari, na hilo ndilo nililotaka kijana alione mwenyewe. Wakati Whiteia na vizazi vilivyomfuata wakiwa ghubani, hapa mito ilikuwa inahama hama kwenye uwanda, na wanyama wa nchi kavu wanazikwa kwenye tope la mafuriko.

Mwongozaji ndiye aliyesimama na kunyooshea kidole. Kipande kimefukiwa nusu, kirefu kama kidole cha shahada, cheupe kwa nje chenye wekundu kwenye nyufa. Ukiinama unaona pale kilipovunjika: ndani ni vitundu vidogo vidogo kama vya sifongo. Jiwe la kawaida halina vitundu vya mpangilio ule. Kijana alinitazama, nikamwambia aguse kwa ncha ya ulimi, kwa kuwa mfupa wa kale hunata kidogo. Ukanata. Alicheka kwa furaha mpaka mwongozaji naye akataka kujaribu.

Tukauacha. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda vitu hivi, na zaidi ya sheria, mfupa ukiondolewa kwenye tabaka lake unapoteza nusu ya habari zake. Mwongozaji alisema watoto huokota vipande kama vile na kuvirushia ndege. Nilipita shuleni baadaye, nikaongea na walimu wawili kwa muda mrefu. Hawajawahi kuona hata picha ya Nyasasaurus, na wanafundisha watoto waliozaliwa juu yake. Mifupa yenyewe iko London na Cape Town. Nimewaachia picha zote nilizonazo kwenye simu, na mchoro wa Whiteia wa ukubwa wa ukurasa, nikawaandikia chini: jirani wa baharini.

Jumamosi, Ludewa na Njombe

Siku ya vumbi na kona. Tulipanda kutoka Manda hadi Ludewa ndani ya Noah iliyobeba watu na kuku, kisha basi la Njombe. Wilaya hii ina makaa ya Mchuchuma, ndugu wa yale ya Kiwira. Njombe tumefika usiku, baridi imerudi, tumekula na kulala.

Jumapili, Makambako hadi Mbeya

Kijana alishinda dirishani na daftari. Ameamua barabara ya Makambako hadi Mbeya iwe miaka milioni 250, Makambako ndipo anapoishi Whiteia na Mbeya ndiyo leo, na anapiga hesabu. Karibu na Igawa aliniambia Madagaska ndiyo inaanza kuachana nasi. Dinosaria walikwisha tukiwa maeneo ya Igurusi. Ziwa Nyasa, kwa hesabu yake, linachimbika tukiwa tumeingia Uyole.

Kisha akauliza kama Whiteia anaweza kupatikana Tanzania. Kwenye miamba tuliyoiona sitarajii, hiyo ni ya mito na vinamasi. Ila nimemwahidi kitu kingine. Mwalimu mwenzangu anafundisha Tanga, na likizo ya Desemba tutamfuata, twende Kigombe tukaongee na wavuvi wa jarife. Orodha ya maswali ameshaianza, na swali la kwanza ni la Babu wa Matema: silikanti akikauka juani, katikati ya ile miiba kunabaki nini.